Mwakani mtakuwepo? Yanayosemwa na yaliyopo kuhusu misaada ya maduka makubwa Mwanza

Kwa miaka kadhaa kazi yangu katika duka moja kubwa hapa Mwanza ilikuwa kupokea barua. Shule inaomba saruji, kwaya inaomba spika, timu ya mtaa inaomba jezi, kituo cha watoto kinaomba chochote kitakachopatikana. Ikifika Novemba, boksi la sabuni nililoliweka chini ya meza lilikuwa limejaa bahasha. Nilizisoma zote. Nilisikia pia maneno ya watu juu ya misaada hiyo: wateja kwenye foleni, vijana wa bodaboda pale nje, hata wakubwa wangu ofisini. Mengi hayakuwa sahihi, na anayeumia ni yule anayesubiri msaada.

"Wanatoa ili wakwepe kodi"

Hili nililisikia karibu kila wiki. Anayelisema huamini kwamba ukitoa milioni, kodi inapungua milioni. Sivyo inavyohesabiwa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii ukatwe kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Chukua kampuni iliyobakiwa na mapato ya shilingi 100,000,000 baada ya gharama zake. Mchango unaotambuliwa ni hadi 2,000,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo kinachookolewa ni 600,000. Zile 1,400,000 zimetoka mfukoni kweli kweli. Ikitoa 5,000,000, bado zinahesabiwa 2,000,000 tu. Na kikundi cha mtaani kisichotambuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, kama taasisi ya hisani hakiingii kabisa kwenye hesabu hiyo. Michango kwa Mfuko wa Elimu ina kifungu chake.

Udhamini ni jambo jingine, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kampuni ikilipia mashindano ya mitumbwi na jina lake likapakwa kwenye kila mtumbwi, hilo ni tangazo, na linaingia kwenye gharama za biashara kama tangazo la redio. Sioni ubaya. Ubaya ni kuliita sadaka.

"Ni wajibu wao kisheria"

Kwa wenye migodi, ndiyo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Majirani zetu wa Geita wanaufahamu vizuri. Duka la rejareja halina sharti la namna hiyo. Linalipa kodi na ushuru kama wengine, na linachotoa zaidi ya hapo ni hiari. Ndiyo maana kauli ya "tunadai haki yetu" kwenye barua ya maombi mara nyingi huishia kuifungia mlango barua yenyewe.

"Watoto yatima wanahitaji sukari na biskuti"

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kosa hili tulilifanya sisi wenyewe.

Desemba moja tulijaza gari: sukari, mchele, juisi, biskuti, mafuta ya kupikia. Tukafika kituoni, tukapiga picha, watoto wakaimba. Tulipomaliza, sista aliyekuwa msimamizi alinishika mkono akaniingiza stoo. Mifuko ya sukari ilifika usawa wa dirisha, na miwili ya Krismasi iliyotangulia ilikuwa imeganda kama jiwe. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, Desemba mnakuja wote. Machi haji mtu. Na hakuna aliyewahi kuniuliza ninapungukiwa nini." Kisha akafungua daftari la mistari: sabuni ya kufulia, chumvi, dawa ya meno, taulo za kike, umeme wa luku, nauli za kliniki.

Sikulala vizuri usiku ule.

Tulichofanya baadaye kilikuwa rahisi hadi aibu. Kila tarehe 5 ya mwezi, dereva wetu anayepita njia ile kila siku alishusha maboksi ya sabuni, chumvi na taulo za kike, nasi tukatuma luku. Thamani ya mwaka mzima haikuzidi ile ya gari moja la Desemba. Duka lina malori yanayozunguka mjini, lina stoo, lina watu wanaojua kuhesabu mizigo na kuipeleka kwa wakati. Vitu hivyo kituo hakina, na thamani yake wakati mwingine hupita fedha taslimu.

Neno moja kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga, maana wengi huyaleta kwa moyo mweupe. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu vyakula vinavyotumika badala ya maziwa ya mama inasema taasisi inayogawa maziwa hayo nje ya kuta zake ihakikishe yanaendelea kupatikana kwa muda wote mtoto atakapoyahitaji. Sababu yake ni ya wazi: mama akimwachisha mtoto titi kwa ajili ya makopo matatu ya msaada, maziwa yake hupungua, na kopo la nne hana pesa ya kulinunua. Muulize nesi kwanza.

"Bidhaa inayokaribia kuisha muda ni dharau"

Unga uliobakiza wiki tatu ni unga. Mteja anaununua asubuhi hiyo hiyo kwa bei kamili, na kituo chenye watoto arobaini kitaumaliza kabla ya Jumapili. Dharau ni kupeleka uliopitiliza, au kupeleka katoni za mtindi mahali pasipo na friji. Tarehe isomwe dukani kabla mzigo haujapakiwa.

"Kisanduku cha kaunta ni mchango wa kampuni"

Hapana. Chenji unayoidondosha mle ni yako. Kampuni imesaidia kukusanya, kuhesabu na kufikisha, na inastahili shukrani kwa kazi hiyo, lakini ikisimama mbele ya kamera kukabidhi, iseme kwamba ni fedha za wateja. Nawe mteja una haki ya kuuliza mwezi huu zimepatikana shilingi ngapi na zimekwenda wapi. Karatasi moja iliyobandikwa juu ya kisanduku inatosha.

"Kusafisha ufukwe ndiyo kulisaidia ziwa"

Nimeshiriki usafi mara nyingi, na nitashiriki tena. Lakini ziwa linaguswa zaidi na mlango wa nyuma wa duka, pale mizigo inapopokelewa. Sangara hatakiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50, na sato chini ya 25. Mpokea mizigo mwenye rula na ruhusa ya kusema "huyu mrudishe" anafanya kazi ambayo fulana mia moja za usafi hazitaifanya. Duka likiwanunua wadogo wiki nzima, kisha Jumamosi likaokota chupa Kirumba, samaki wale hawatarudi majini.

"Utamaduni ni anasa, tusaidie kwanza wenye shida"

Hili nililisikia zaidi ofisini, na ndilo linaloniuma zaidi.

Kila mwaka, sikukuu ya Ekaristi inapofika, mara nyingi Juni, watu hujaa Bujora, Kisesa, kwa ajili ya Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma. Ndipo alipojenga Padri David Clement kutoka Kanada, na makumbusho ya Wasukuma yapo palepale. Wagika na Wagalu, pande mbili za wachezaji zinazoshindana, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi ndio mshindi. Hakuna jopo mezani. Watu wenyewe ndio waamuzi: wanahama kwa miguu kutoka duara moja kwenda jingine, vumbi likitimka, majembe ya bugobogobo, ngoma ya wakulima, yakirushwa juu. Kwa mwaka mzima nyuma ya siku hiyo kuna watu wanaotunga nyimbo, wanaowamba ngoma, wanaowafundisha vijana. Kijana mwenye kikundi ana pa kwenda jioni, ana wazee wanaomjua kwa jina. Anayeita hayo anasa hajawahi kukaa kwenye mazoezi yao.

Uswisi kuna kampuni ya maduka iitwayo Migros. Gottlieb Duttweiler aliianzisha Zurich mwaka 1925 kwa malori matano yaliyouza bidhaa sita mtaani: kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Mwaka 1941 aliigeuza kuwa ushirika, jambo ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wanalielewa tangu enzi za Paul Bomani na ushirika wa wakulima wa pamba. Mwaka 1957 Migros iliandika kwenye katiba yake kwamba sehemu ya mauzo, si ya faida, itakwenda kwenye utamaduni, elimu na shughuli za jamii. Neno "mauzo" ndilo lenye uzito. Faida ikipungua, muziki hauzimwi.

Nilibeba wazo hilo hadi kikaoni, na jibu la kwanza lilikuwa tudhamini tamasha mara moja, tulete jukwaa, tuweke waamuzi watatu na kila kikundi kipewe dakika kumi. Nikapeleka pendekezo kwa manju mmoja, kiongozi wa kikundi cha ngoma, wa Kisesa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Baba, mwakani mtakuwepo?" Akanieleza kwamba vikundi vikipewa dakika kumi kwa zamu, watazamaji hawatahama, na wasipohama hakuna mashindano. Na vikundi vikizoea lori la mfadhili kisha mfadhili akapotea, vijana hawatakubali tena kuja kwa miguu.

Ilichukua miezi saba. Tulichopata hatimaye ni mkataba wa kurasa mbili: lori la kubeba ngoma kwa miaka mitatu, chakula siku za mazoezi, bango moja tu la kampuni na liwe nje ya uwanja, na kifungu kwamba kampuni haitachagua waamuzi wala kupanga muda wa kucheza. Manju alikisoma kifungu hicho mara mbili, kidole kikifuata mistari. Akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, akaomba kalamu.