Tiba shufaa si shifaa, wala si kuachiwa Mungu

Juzi pale Mwanjelwa nimemsikia tena mtu akieleza habari za shangazi yake aliyekuwa akipewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: "Kemo imegoma, wamempeleka tiba shifaa, ndiyo basi tena, kaachiwa Mungu." Sikumkatiza, maana alikuwa na uchungu. Lakini neno hili, tiba shufaa, limepotoshwa mno.

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mtu mwenye ugonjwa mzito, pamoja na kuwashika mkono wanaomuuguza. Maana yake ni hiyo.

Shifaa na shufaa yote ni ya Kiarabu, ila mizizi yake ni mbalimbali. Shifaa ni kupona. Shufaa ni uombezi, mtu kusimama upande wa mwenziwe. Mzizi huohuo ndio uliotupa shufwa, zile namba za shule ya msingi ambazo ukizipanga mbilimbili hakuna inayobaki peke yake. Inayobakiza moja ni witiri. Basi mwenye kupata shufaa ni witiri aliyepata wa pili wake. Huyo ameachwaje?

Saratani ikishafika kwenye mifupa au ini, familia hukaa kikao: tumrudishe tena Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kutoka hapa Mbeya, au apumzike? Ni uamuzi mzito, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa kusikilizwa kwanza. Ila kinachoamuliwa hapo ni kemo au mionzi tu. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, inaendelea kila baada ya saa nne, dawa ya kulainisha choo inaendelea, kidonda kinasafishwa. Tena shufaa haingoji kemo ishindwe. Boston, mwaka 2010, ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Walioanzishiwa shufaa mapema, sambamba na tiba ya saratani, waliishi kama miezi 11.6, wenzao 8.9. Na ni wachache zaidi kati yao waliopewa tiba kali siku za mwisho.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shangazi akisema kemo sasa basi, usiwaambie wanaokuja kumjulia hali kwamba ameachishwa matibabu. Waambie shangazi amesimamisha kemo, yuko kwenye tiba shufaa, na wasubiri kidogo ukumbini kwani saa ya dawa yake imefika.