Unajenga Tabora au Kigoma? Pampu ya joto la ardhini iingie kwenye michoro kabla hujamwaga zege

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa simu za ofisini kwetu haziishi. Mtu kajenga hosteli nzuri tu au gesti ya vyumba thelathini, kafunga AC ukuta mzima, LUKU inakimbia kama imefukuzwa, sasa ndo anauliza habari za ile mashine ya kuchukua ubaridi ardhini aliyoiona mtandaoni. Swali zuri, ila limekuja jengo limeshapigwa rangi. Kwa hiyo leo naandika kwa wale ambao bado wako kwenye michoro na BOQ (ile orodha ya vifaa, kazi na gharama zake), hasa wa zahanati, hospitali, mabweni na hoteli.

Kwanza nitoe hili maana nimechoka kulijibu. Pampu ya joto la ardhini SIYO umeme wa jotoardhi. Ule wa mvuke na volkano, mambo ya Ngozi kule Mbeya, ni kitu kingine kabisa, na mtu asiniambie tena "injinia, Tabora hatuna volkano". Haihitajiki volkano. Ukishuka mita kumi, kumi na tano hivi, ardhi haijui kama huku juu ni Juni au Oktoba, joto lake linabaki karibu na wastani wa hewa wa mwaka mzima, kwa hapa Tabora tuseme nyuzi 24 au 25. Huku juu mwezi wa kumi mchana tunagonga 32 hadi 33. AC ya kawaida inachukua joto la chumbani na kulitupa kwenye hewa hiyo hiyo ya moto, tena mara nyingi boksi la nje fundi kalifunga ukuta wa magharibi linapigwa jua mpaka jioni. Hii ya ardhini inalitupa kwenye mwamba uliopoa zaidi, kompresa haihangaiki, umeme unapungua. Hakuna uchawi hapo.

Halafu maji. Watu wakisikia mtambo huu unachimbiwa shimo refu wanauliza, "Sasa hicho kisima tutakunywa?" Hapana jamani, hakuna anayechota. Bomba jeusi la plastiki gumu linashushwa mpaka chini, linakata kona kama herufi U na kurudi juu, maji yale yale yanazunguka humo humo miaka yote. Nafasi kati ya bomba na mwamba inajazwa uji mzito wa udongo wa bentonaiti, na hapo ndo mafundi wengi wanataka kuchakachua, wanamwaga kifusi wanasema imejaa. Ukiacha hewa pale joto halipiti, umezika hela.

Na hapa ndo watu wa Tabora nawaonea wivu. Mnajua wenyewe mateso ya kuchimba visima kwenye granaiti, rigi inapiga siku mbili, vumbi jeupe linafunika mpaka majani ya miembe, mita 90, mita 100, maji hakuna, mwenye kiwanja anashika kichwa. Kwa kazi ya maji lile shimo limekufa. Kwa kazi hii lile shimo ni zima kabisa, maana granaiti inapitisha joto vizuri kuliko mchanga mkavu, na isipokuwa na maji inafaa vilevile, mradi lijazwe sawasawa. Nimeshaona watu wanafukia mashimo ya namna hiyo kwa mawe na mifuko ya simenti wakati jengo lenyewe linaanza miezi mitatu baadaye. Inauma.

Faida kubwa zaidi kwa kwetu wala siyo AC, ni maji ya moto. Chukua wodi au bweni linalotumia lita 1,000 za maji ya moto kwa siku, unayatoa nyuzi 24 unayapeleka 55. Hita ya kawaida itakula kama yuniti 36. Pampu ya joto inayotoa joto mara tatu ya umeme inaoupokea, ambacho ni kiwango cha kawaida tu, itakula 12. Piga mwenyewe kwa bei ya yuniti unayonunulia, mara siku 365. Na mchana ikiwa inapoza vyumba, joto lile la vyumbani linapita kwenye tanki la maji kwanza kabla ya kwenda ardhini.

Hilo la mwisho siyo urembo. Nchi za baridi wanachota joto ardhini wakati wa baridi kali na majira yao ya joto yanalirudisha, sisi tukipoza tu mwaka mzima tunaijaza ardhi joto kidogo kidogo, na baada ya miaka kadhaa mtambo unaanza kulalamika. Ndo maana yale makadirio ya kila mita ya shimo inatoa wati hamsini, mnayokopi kutoka vitabu vya Ulaya, msituletee. Jengo kubwa lipimwe, maji ya moto yazungushwe kwenye shimo la kwanza saa 48 au zaidi tuone mwamba unapokeaje, na mashimo yaachane kama mita sita.

Nyumba ya vyumba vitatu? Achana nayo, panda miti, inua paa, weka feni. Gharama ya kuchimba haitarudi. Na kwa ndugu zetu wa Kigoma wanaotaka kutumbukiza bomba ziwani, kitaalamu inawezekana, Ziwa Tanganyika hata kule chini kabisa ni kama nyuzi 23 na ushee, ila hilo lina vibali vyake, usianze kuvuta bomba mwaloni kwa sababu umesoma hapa.

Kwa nini nang'ang'ania michoro? Kuna saiti moja niliitwa, jengo la ghorofa moja, mwenyewe kashawishika na hela ipo. Rigi ikashindwa kuingia. Fensi imejengwa, upande mmoja tanki la maji taka, upande mwingine mwembe ambao mzee alisema haukatwi na mimi namuunga mkono. Njia ya mabomba ikabidi ikatwe kwa grainda kwenye terazo mpya ya korido. Mkandarasi akaleta bei ya nyongeza, mwenye jengo akaangalia karatasi, akafunga AC za ukutani. Kama yale mashimo manne yangechimbwa wakati wa msingi, rigi ingeingia na kutoka siku ambazo mafundi wanasuka nondo.

Sasa utaratibu, someni taratibu hapa. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri yako, na mashimo yaonekane kwenye michoro unayopeleka, siyo "tutaongeza baadaye", maana mchoro ukitofautiana na saiti utawekewa X nyekundu na amri ya kusimama. Kabla rigi haijafika, anzia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi iko Kigoma. Ukiwa upande wa Igunga maji yake yanaelekea Wembere, hivyo uliza Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Najua utasema huchoti maji. Shimo lako linapita kwenye maji ya ardhini ya jirani, likichimbwa hovyo linashusha uchafu wa juu mpaka chini, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 haina mzaha na anayechafua chanzo cha maji: faini, kifungo au vyote viwili, na kulifukia kunaweza kuwa kwa gharama yako. Mchimbaji awe na leseni ya Wizara ya Maji, omba nakala, siyo picha ya WhatsApp. Mkandarasi awe amesajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) na bango liwepo saiti, injinia awe amesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) na asaini kila ukurasa, narudia, KILA ukurasa, tunarudisha mafaili kila wiki kwa hilo tu.

Mabomba yajaribiwe presha kabla ya kujazwa na baada ya kujazwa, maungio yachomelewe kwa moto, gundi hapana. Mwisho tunataka mchoro wa mashimo yalipo kweli, na vipimo kutoka kona ya jengo, nakala mbili. Moja inabaki kwetu. Ya pili laminetisha ubandike nyuma ya mlango wa chumba cha pampu, kwa sababu fundi atakayekuja kuchimba shimo la choo miaka kumi ijayo hatakupigia simu kuuliza.