Soul za kitambo kwenye kanda moja: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Nyumbani kwetu kulikuwa na kanda ya dakika 90 imeandikwa kwa peni ya bluu SOUL 2. SOUL 1 hakuna aliyewahi kuiona, ukimuuliza mzee anakuambia ile ndo ilikuwa kali zaidi. Humo ndani Percy Sledge anampisha Otis Redding, Otis anampisha Al Green, na mimi mtoto hata jina la mmoja nilikuwa silijui, nilikuwa nazijua kwa zamu zake tu, hii ikiisha inakuja ile. Siku hizi nikikaa kwenye mabishano ya muziki nakuta watu wanaziongelea hizi kolekisheni za soul, yani nyimbo za muziki wa Wamarekani weusi zilizokusanywa kwenye kanda au CD moja, kwa kujiamini kabisa afu nusu ya wanayosema sio. Haya, tuyapitie.

"Kolekisheni ni za wasiojua muziki, mjuzi anasikiliza albamu nzima"

Hii wanaipenda sana walioanzia kwenye hip hop au rock, huko albamu ndo heshima. Soul ya miaka ya 60 ilikuwa biashara ya singo. Kisahani kidogo, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule, dakika mbili na nusu au tatu hivi mana redio hazikuwa na subira ya zaidi ya hapo. Berry Gordy alianzisha lebo ya Motown, yani kampuni ya kurekodi muziki, pale Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake, na kabla ya hapo alishafanya kazi kiwanda cha magari, kwahiyo akaja na akili ya kiwandani, kulikuwa na kikao cha kukagua ubora ambapo nyimbo zinapigwa, watu wanabishana, wanapiga kura, usiopita unarudi studio au unaishia kabatini. Kilichokuwa kinapigiwa kura ni wimbo mmoja mmoja. Albamu ilikuwa inafuata nyuma, unakuta humo hits mbili tatu na zilizobaki za kujazia, saa nyingine msanii anarudia tu nyimbo za wenzake wa lebo hiyo hiyo.

Sasa mtu akizipanga singo 16 kali mfululizo kamkosea nani? Motown wenyewe walikuwa wanatoa mikusanyiko ya nyimbo 16 miaka hiyo hiyo ya 60, nyimbo bado za moto, wala hawakusubiri ziwe zilipendwa. Uingereza walikuwa na mfululizo wa Motown Chartbusters na toleo la 3 la mwaka 1969, lile la kava la fedha, lilifika namba moja kwenye chati ya albamu kule. Mkusanyiko umepanda juu ya albamu za watu!

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwishoni. 1969 Isaac Hayes katoa albamu yenye nyimbo nne tu, mmoja unapita dakika 18, afu 1971 Marvin Gaye akatoa What's Going On ambayo kweli ukichomoa wimbo mmoja unaona kabisa umevunja kitu. Hizo sawa, sikiliza nzima. Ila usichukue sheria ya 1971 ukaihukumia 1964.

"Jina la msanii ni lile lile, kwahiyo ngoma ni ile ile"

Hapa ndo wengi wanapigwa, na mimi nilipigwa. Niliwahi kununua CD ya nyimbo 40 za soul mtaani, kava zuri, majina yote ya wakubwa, nikafika nyumbani nikaweka, wimbo wa kwanza tu mzee akainua kichwa kwenye gazeti akasema huyu sio yeye. Nikamwambia ni yeye, soma hapa. Akasema ni yeye lakini sio siku ile.

Na alikuwa sahihi, yani sijawahi kusikia mtu akilieleza hili jambo vizuri kuliko vile. Ukweli ni kwamba rekodi ya awali, ile masta, mara nyingi ni mali ya lebo. Msanii kabaki na sauti yake. Miaka ikipita, vizuizi vya mkataba vikiisha, anaitwa na kampuni ndogo anaingia studio kuimba upya zile zile zilizompa jina, kinanda cha kisasa, ngoma za mashine, sauti ishakuwa nzito, na kampuni inauza kwa bei ya chee mana haiilipi lebo ya zamani hata senti. Sio wizi, mwimbaji mwenyewe mara nyingine anapata hela nzuri kuliko aliyopewa enzi zile, tatizo ni kwamba taarifa imefichwa kwa maandishi madogo nyuma ya kava kwamba wasanii ni wale wale ila nyimbo zimerekodiwa upya. Kwahiyo soma nyuma. Angalia na mwaka wa rekodi kama umeandikwa, na wimbo wa 1966 ukiwa na ngoma za kompyuta wewe mwenyewe unajua.

Afu kuna nyingine ndogo, hata rekodi halisi inaweza kuwa tofauti na unayoikumbuka. Singo zile zilichanganywa kwa mono, yani sauti yote njia moja, zikalengwa redio za magari na spika ndogo, stereo ilikuwa ya albamu na mchanganyiko wake ulifanywa peke yake. Ndo mana saa nyingine unapata toleo la stereo, sauti kushoto, ngoma kulia, unahisi kitu kimepungua nguvu. Hujachanganyikiwa. Lile ulilokuwa unalisikia redioni lilikuwa mono.

"Fulani hayumo, waliopanga hawajui kitu"

Wanajua sana, wameshindwa kupata kibali cha wenye rekodi. Chukua lebo ya Stax ya Memphis, studio yao ilikuwa ndani ya jengo la sinema la zamani, sakafu ilikuwa bado imeinama. Walikuwa wanasambaziwa na lebo kubwa ya Atlantic, na mwaka 1965 wakasaini mkataba ambao Jim Stewart mwenye lebo hakuuchunguza vizuri. 1968 wanataka kuachana, wanaambiwa masta zote zilizosambazwa na Atlantic ni mali ya Atlantic. Otis Redding keshakufa kwenye ajali ya ndege Desemba 1967, siku chache tu baada ya kumalizia kurekodi Dock of the Bay, na sasa hata nyimbo zake hawana! Sam & Dave nao wakarudi Atlantic mana kumbe walikuwa wameazimwa. Stax ikaanza upya na Isaac Hayes na Staple Singers, mwisho wa 1975 ikafilisika, na masta za kipindi hicho cha pili zikaenda kwa wengine kabisa.

Kwahiyo lebo ni moja jina moja ila kabati ni mbili kwa wenyewe tofauti, na ukiona mkusanyiko wa Stax umeishia 1968 au umeanzia 1968, sio mtu kasahau, ni mpaka wa shamba huo.

Na hapo hapo niseme, wale mnaoita kila soul Motown, hapana. Otis hakuwa Motown. Al Green hakuwa Motown, alikuwa Hi Records, Memphis pia. Aretha Franklin alikuwa Atlantic na wimbo uliomfungulia njia 1967 alianza kuurekodi kijijini huko Muscle Shoals, Alabama, akiwa na wapigaji wazungu watupu. Stax nao bendi ya nyumbani, Booker T. & the MG's, ilikuwa weusi na weupe pamoja ndani ya Memphis ya ubaguzi.

"Soul ni bluzi za mapenzi tu"

Sisi ndo tumeifanya hivi. Disko likifika muda wa bluzi taa zinapunguzwa watu wanashikana, basi ukisema soul mtu anawaza pale tu. Lakini Sam Cooke mwaka 1964 alirekodi A Change Is Gonna Come baada ya kukataliwa hotelini kwa sababu ya rangi yake. Curtis Mayfield wa Chicago alikuwa anaandika nyimbo zilizoimbwa kwenye harakati za haki za raia. Wimbo wa Respect aliuandika Otis 1965, mwanaume anadai heshima akirudi nyumbani, Aretha 1967 akaigeuza mdomo ikawa ya wanawake na ya weusi wote.

Na kama zilikuwa za kubembelezana tu, mbona 1969 Dar es Salaam muziki wa soul ulipigwa marufuku na uongozi wa mkoa? Ndio, hapa hapa, kipindi cha Operesheni Vijana, TANU Youth League wanawasaka wenye mini na mawigi na suruali za kubana. Waliuona ni utamaduni wa kigeni. Nachocheka mimi ni kwamba James Brown alikuwa akiimba kwa sauti kwamba yeye ni mweusi na anajivunia.

"Zinazoingia ni zile zilizovuma"

Kwa zile za sherehe, sawa. Ila kuna upande mwingine mtamu zaidi. Kaskazini ya Uingereza miaka ya 70 vijana wa viwandani walikuwa wanacheza usiku kucha pale ukumbi wa Wigan Casino kwa singo za Marekani zilizofeli kabisa, kadiri isivyojulikana ndivyo ilivyogombaniwa. Singo ya Frank Wilson ya Motown, 1965, nakala karibu zote ziliharibiwa kabla haijatoka, moja ikauzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Nani angeisikia kama isingewekwa kwenye mkusanyiko? Kampuni ya Numero Group ya Chicago nayo tangu 2004 inatoa mfululizo wa nyimbo za lebo ndogo za mitaani zilizokufa na ambazo wengi hawakuwahi kuzisikia.

"Wanaosikiliza ni wazee"

1987, Uingereza, wiki ile ile Ben E. King namba moja na wimbo wa 1961, Percy Sledge namba mbili na wimbo wa 1966, kisa matangazo ya jinzi. Na matangazo yale yalilenga vijana. Tuendelee.

"Playlist imeua kolekisheni"

Nilidhani hivyo nikajaribu. Nikazitafuta nyimbo zote za SOUL 2 mtandaoni, matoleo halisi, nikazipanga kwa zamu ile ile nikampa mzee asikilize kwenye spika. Upande A wa kanda ulikuwa unaisha katikati ya wimbo wa Al Green, tepu inakatika tak, ndo unageuza. Kwenye playlist wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Mzee akaniangalia akauliza hiki kipande wamekiongeza lini.