Je, wajua kwanini jaji analipwa vizuri halafu bado zawadi ni shida?

Huku Nyanda za Juu Kusini mgeni haondoki mikono mitupu, ukitoka Tukuyu unapewa mkungu wa ndizi, Kyela wanakufungia mchele, Njombe viazi. Ni ukarimu na mimi naupenda sana. Ila sasa mchukue jaji wa Mahakama Kuu pale Mbeya au Iringa, afungiwe gunia la mchele na mtu ambaye kesi yake ya shamba iko mezani kwake, hapo hata kama hakuna aliyetamka neno kesi, yule wa upande wa pili akisikia atalala kweli?

Watu wengi wanasema walipwe hela nyingi tu, rushwa itaisha. Mshahara wa jaji una kazi yake, lakini sio hiyo peke yake. Uingereza zamani mfalme aliweza kumtimua jaji aliyemuudhi, mpaka sheria ya 1701 ikasema jaji atakaa kazini maadamu ana mwenendo mzuri na mshahara wake ujulikane. Marekani wakaandika kwenye katiba kwamba mshahara wa jaji haupunguzwi akiwa kazini. Kwetu hela ya majaji inatoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Yaani mshahara unamkinga jaji asitishwe na wenye serikali, lakini haumkingi na rafiki mwenye pesa.

Mfano mzuri ni Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2019 jaji wa pale alikuwa analipwa dola 258,900 kwa mwaka, kama milioni 600 za kwetu, sio mtu wa njaa huyo. Aprili 2023 waandishi wa ProPublica wakafichua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akisafirishwa na bilionea Harlan Crow, na safari moja tu ya Indonesia, hiyohiyo 2019, kwa ndege binafsi na boti ya kifahari, angejilipia mwenyewe ingezidi dola 500,000, karibu mara mbili ya mshahara wake wa mwaka mzima! Thomas akajibu kuwa ni rafiki wa familia, hana kesi pale mahakamani, na alishauriwa kwamba ukarimu wa namna hiyo hauhitaji kutangazwa. Mimi hilo jibu silikubali, kwa sababu mwananchi atajuaje kama hakuna kilichotangazwa?

Indonesia kwenyewe Akil Mochtar, mkuu wa Mahakama ya Katiba, alikamatwa 2013 kwa rushwa za kesi za uchaguzi akafungwa maisha. Huyo alikuwa juu kabisa, na ndio maana majaji wa juu wanatisha zaidi, hakimu wa mwanzo akikosea unakata rufaa, wa juu akikosea unaenda wapi? Tena kumtoa ni kazi. Marekani mpaka Bunge limshitaki, na kanuni za maadili za mahakama yao ya juu zimekuja Novemba 2023 tu, tena bila chombo cha kuzisimamia. Kwetu Rais lazima aunde tume ya uchunguzi kwanza, na hiyo naona ni sawa, maana jaji anayefukuzwa kirahisi naye ataogopa wakubwa.

Rushwa mahakamani kwetu sio habari mpya, Tume ya Jaji Warioba iliyochunguza rushwa nchini iliisema wazi 1996. Sheria ya 2007 ambayo TAKUKURU wanaitumia inambana anayetoa na anayepokea, na usidhani ukisubiri hukumu itoke ndio upeleke "asante" umepona, kama hiyo asante ni malipo ya upendeleo uliofanyiwa bado ni rushwa. Na ukijua jaji wako ana ukaribu na mpinzani wako una haki ya kumuomba ajitoe kwenye shauri, ila uje na sababu zenye ushahidi sio maneno ya kijiweni, na useme mapema kabla mashahidi hawajaanza.