Mvuke wa Asidi na Nyenzo Zinazobadili Rangi ya Mng'ao: Maswali na Majibu

Mvuke wa asidi huwasha pua. Kwa nini basi tuhitaji kipimo?

Mvuke wa asidi ya haidrokloriki, ambayo viwandani husafishia chuma kutu, huyeyuka katika unyevu wa macho na koo na kuviunguza papo hapo. Nchini Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini ni sehemu 5 katika kila sehemu milioni moja za hewa, na katika kiwango hicho si kila mtu huisikia harufu yake. Linalonitia hofu zaidi ni moshi wa kahawia utokao asidi ya nitriki inapoyeyusha metali, kama katika karakana za masonara, kwa sababu aliyeuvuta anaweza kujiona mzima, kisha mapafu yake yakajaa maji saa nyingi baadaye.

Nyenzo zinazobadili rangi ya mng'ao zikikutana na mvuke wa asidi hufanyaje kazi?

Molekuli zake hufyonza mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na kuutoa tena ukiwa na rangi inayoonekana. Nyingi zina atomu ya nitrojeni inayopokea protoni, chembe ndogo yenye chaji chanya, kutoka kwenye asidi. Protoni ikishaingia, mpangilio wa elektroni hubadilika, na mng'ao wa buluu unaweza kugeuka wa manjano au kuzimika kabisa. Kwinini, ile ile ya malaria, ambayo mwanafizikia George Gabriel Stokes aliichunguza katika kazi yake ya mwaka 1852, hung'aa buluu kwa nguvu katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ilhali kloridi, yaani chembe za klorini zenye chaji hasi zilizomo katika asidi ya haidrokloriki, huufifisha mng'ao huo. Kwa hiyo ni lazima molekuli ichaguliwe kwa kuzingatia asidi inayotafutwa, kisha ipakwe kwenye karatasi au utando wenye vinyweleo ili mvuke upenye upesi.

Je, hutumika tena?

Nyingi hutumika tena, kwa kuwa mvuke wa amonia huiondoa protoni na kurudisha rangi ya awali.

Rangi isipobadilika, hewa ni salama?

La. Amonia iliyopo hewani inaweza kuificha asidi, mwanga wa jua huichakaza rangi, na gesi kama kaboni monoksidi haigunduliki kwa njia hii. Madirisha wazi, feni ya kutoa hewa nje na barakoa yenye kichujio cha gesi za asidi bado vinahitajika. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Mtu akivuta mvuke huo?

Atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizolowa asidi, na macho yanayowasha yaoshwe kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 15. Aliyevuta moshi wa asidi ya nitriki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakohoi.