Nyundo haioni mafuta

"Mwanangu, mafuta mumeyaona?"

Mara ya nne mwezi huu. Niko Mambrui, jasho linanichuruzika, nyundo ya kilo nane mkononi, jeofoni 24, vifaa vya kusikilizia ardhi, zimechomekwa mchangani, na mzee wa kikoi amesimama juu ya waya wenyewe. La, baba, twapima ardhi itakayobeba nguzo za mitambo ya upepo. "Nyinyi huficha," akasema.

Hatufichi. Jeofoni haioni kitu, yasikia ardhi ikitikisika, basi. Nagonga bamba la chuma, nahesabu wimbi limechukua muda gani kufika. Mchanga mkavu huenda mita 300 hivi kwa sekunde, uliojaa maji hupita 1,500, matumbawe magumu zaidi ya 2,000. Mafuta hayana sauti yao. Hata wenye kuyatafuta huona mipaka ya matabaka, hukisia, hutoboa, na mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Linalonichoma hasa si mzee. Ni mwenye mradi anaposema, "Jeofoni zimeshaona, kutoboa ardhi kwa nini tena?" Pwani yetu ni kaimati: juu ganda gumu la matumbawe, ndani pengine mchanga mlaini. Kipimo hiki changu, cha mawimbi yanayopinda ardhini, chataka kasi yao iongezeke kadiri unavyoshuka. Ikipungua, lile tabaka laini halijitokezi kabisa. Mchoro watoka safi, wa kutundika ukutani, nao ni uongo. Ndiyo maana nasoma pia mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, na bado pango dogo laweza kunipita. Tutatoboa.

Kuna na hawa wanaozika hewa ukaa, nao hutegemea mawimbi haya haya. Sleipner, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, wameizika chini ya sakafu ya bahari tangu 1996. Ukilinganisha vipimo vya baadaye na vya 1994, kabla haijazikwa, waiona imetandaa. Kazi nzuri mno. Ila gesi kidogo ndani ya maji ya mwamba hushusha kasi ya mawimbi karibu sawa na gesi nyingi. Niulize iko wapi, nitakujibu. Niulize ni tani ngapi, nitaanza kukohoa.

"Na maji je?" mzee akauliza. Yapo, baba, mita sita hivi.

"Matamu?"

Hapo nikaishiwa. Kwa chumvi itabidi nirudi na mashine ya kupima kwa umeme. Akacheka, lakini waya hakuuachia.