Jeni na seli mpya za ubongo: yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Seli za ubongo ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo.

Kwa niuroni, yaani seli za ubongo zinazopitisha ujumbe, ni kweli katika sehemu kubwa ya ubongo. Kosa ni kuusemea ubongo wote. Miaka ya 1960 Joseph Altman, mtafiti wa Marekani, alionyesha niuroni changa katika ubongo wa panya waliokomaa, na wenzake wakampuuza kwa miaka mingi. Mwaka 1998 timu ya Peter Eriksson na Fred Gage ikazikuta kwa binadamu, kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Ubishi haujaisha. Mwaka 2018 watafiti wengine walizitafuta kwa watu wazima wasizione. Mwaka 2025 timu ya Jonas Frisén wa Sweden ikakuta seli zinazozaa niuroni, nyingi kwa baadhi ya watu, karibu hakuna kwa wengine.

Dhana: Ipo jeni moja ya kuotesha niuroni.

Ziko nyingi, na zinapokezana. Sox2 huilinda seli shina, yaani seli mama inayozaa niuroni, ibaki seli shina. Ascl1 huizindua ianze kugawanyika. NeuroD1 huiwezesha seli changa kuishi na kukomaa, na Prox1 huifanya iwe niuroni ya pembe ile ya hipokampasi inamozaliwa, si ya mahali pengine. (Karibu yote haya tumeyajua kwa panya wa maabara, si kwa watu.) Jeni hizi hutoa maelekezo ya kutengeneza protini, na protini hizo hujishikiza kwenye DNA zikiwasha jeni nyingine au kuzizima.

Dhana: Jeni ya kuzindua ikichapa kazi zaidi, ndiyo heri zaidi.

Hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Panya akiondolewa Ascl1, seli shina zake hazizinduki. Lakini seli hizo hizo zina kimeng'enya kiitwacho Huwe1, na mojawapo ya kazi zake ni kuhakikisha protini ya Ascl1 inavunjwavunjwa. Mwaka 2016 maabara ya François Guillemot jijini London ilieleza kilichotokea Huwe1 ilipoondolewa: protini ya Ascl1 ilirundikana, seli shina zilizoamka zikashindwa kurudi kulala, na kadiri muda ulivyopita akiba yake ikapungua. Ni sawa na kupika mbegu ya msimu ujao. Kwa hiyo kulala kwa seli shina si uzembe. Ndiko kunakoziweka hadi uzeeni.

Dhana: Kama ni mambo ya jeni, basi ni majaliwa.

Seli ya ngozi yako ina NeuroD1 ile ile iliyomo kwenye ubongo, ila huko imefungwa. Kufungwa na kufunguliwa hutegemea ishara za seli jirani, za damu, hata za mwenendo. Ishara iitwayo Notch, kwa mfano, huizuia Ascl1. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walipata niuroni mpya nyingi kuliko wenzao waliokaa tu, na hakuna aliyegusa jeni zao. Msongo mkali wa mawazo hupunguza niuroni hizo mpya.

Dhana: Kuna vidonge vya kuotesha niuroni.

Hakuna kilichothibitishwa kwa watu. Tena, kuzihesabu niuroni hizi hadi leo kunahitaji ubongo wa marehemu, au kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji. Muulize muuzaji yeye alizihesabia wapi.